Chakula, maji na infeksio ya mkojo: maswali tunayoulizwa Goma

Kwenye kituo cha afya ninapofanya kazi ya uuguzi, haipiti wiki bila mama kuketi mbele yangu, akashusha sauti na kusema kwamba anaungua akikojoa. Dawa ikishaandikwa, linakuja swali la pili: nile nini ili isirudi tena? Hapa nimekusanya maswali hayo jinsi yanavyoulizwa na akina mama wa Birere, Majengo, Ndosho na Himbi, pamoja na majibu ninayowapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko kwenye tatizo lenyewe. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Kuna chakula kinachozuia infeksio ya mkojo kabisa?

Hakuna. Anayekuambia kipo anataka pesa yako.

Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na bakteria anayeitwa Escherichia coli, ambaye anaishi utumboni mwetu sote bila kutudhuru. Shida inaanza anapotoka njia ya haja kubwa, akaingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kibofu. Mrija wa mwanamke una sentimita 4 hivi, wa mwanaume unakaribia 20. Safari ya bakteria kwetu ni fupi, ndiyo maana wanawake tunaugua zaidi, wala si kwa sababu ya uchafu kama watu wanavyopenda kusema.

Kinachoingia mdomoni kinaweza kusaidia kwa namna tatu: kuongeza mkojo ili kibofu kijisafishe mara nyingi, kuwatunza bakteria wema wanaotulinda, na kulainisha choo. Mtu akikuletea chakula cha kuzuia infeksio, muulize kinafanya lipi kati ya hayo. Asipokuwa na jibu, weka pesa yako mfukoni.

Watu wanasema maji, maji, maji. Ni kweli au ni maneno ya kuzoea?

Ni kweli, na yamepimwa. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya uchunguzi uliofanywa Bulgaria kwa wanawake 140 ambao infeksio ilikuwa inawarudia, na ambao walikuwa wanakunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliambiwa waendelee na mazoea yao. Nusu nyingine waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku, kwa mwaka mzima. Waliobaki na mazoea yao waliugua wastani wa mara 3.2 katika mwaka huo, na walioongezewa maji wastani wa mara 1.7. Dawa za antibiotiki nazo zilipungua.

Angalia namna walivyokunywa, maana ni rahisi kuiga: chupa ya nusu lita kila wakati wa mlo, asubuhi, mchana na jioni. Hawakubeba mtungi wala kuhesabu vikombe. Ile chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu iliyolala chini ya meza yako ndiyo kipimo chenyewe. Ijaze jioni maji yaliyochemshwa, na kesho usiku iwe tupu.

Rangi ya mkojo itakuambia kama umefika. Ukiwa kama maji yaliyotiwa ndimu kidogo, uko vizuri. Ukiwa kama chai kavu, ongeza. Lakini usijilazimishe mpaka tumbo liume, na mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo asiongeze maji kabla ya kumuuliza dokta wake, kwa sababu kwake maji mengi yanaweza kuwa hatari.

Maji ya kunywa nyumbani ni ya shida. Nitatoa wapi lita zote hizo?

Swali la haki. Aliyekuwa hapa mwaka 2021 hajasahau: volkeno ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, mabomba yakaharibika, na sehemu kubwa ya mji ikabaki bila robine. Hata siku za kawaida mtaa mmoja unapata maji usiku, mwingine haupati, na watoto wanashuka ziwani na bidoni.

Tupige hesabu. Bidoni ina lita 20. Nyumba ya wakubwa wawili na watoto wanne inaweza kunywa lita 9 au 10 kwa siku, yaani nusu ya bidoni. Nusu hiyo iwekwe pembeni kabla ya kufua na kuosha vyombo. Kwenye nyumba nyingi mambo huenda kinyume: watu wanafua, wanapika, wanaosha, halafu wanakunywa kilichobaki chini. Na anayekunywa wa mwisho ni mama.

Maji ya ziwa msiyanywe vilevile. Goma inajua kipindupindu, na haifai kukimbia ugonjwa wa kibofu ukaangukia kwenye kuhara. Kama ufukweni kuna watu wanaotia klorini kwenye bidoni, usiwapite kwa haraka, na subiri nusu saa kabla ya kunywa. Ukichemsha, maji yakishatokota vizuri kwa dakika moja yanatosha, maana mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi. Kuyaacha yatokote robo saa ni kuchoma makaa bure.

Uji, supu, mchuzi wa maharagi, nanasi na tikiti pia vinaleta maji mwilini. Hata chai isiyo kali inahesabiwa.

Ninauza nyanya soko la Virunga. Nikinywa maji, nitakojoa wapi?

Hili ndilo swali ninalolingoja. Ningekuwa na ruhusa ya kujibu moja tu, ningejibu hili.

Nimeona akina mama wengi wa sokoni wanaofuata ratiba moja. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai nusu kikombe, anakwenda kuchukua mzigo. Kuanzia hapo hagusi maji mpaka jioni. Si kwamba hana kiu. Choo ni cha kulipia, kiko mbali, ni kichafu, na akiondoka hajui nani atamlindia meza. Kwa hiyo anafunga kiu makusudi. Mkojo unakaa ndani saa nane, saa kumi, na bakteria waliokwisha kuingia wanapata nafasi ya kuzaana bila kusumbuliwa. Mama huyo anakuja kwetu mara kwa mara, tunampa vidonge, anarudi kwenye meza ileile na kiu ileile. Hapo hata umpe matunda ya dunia nzima, tatizo liko palepale.

Wanafunzi wa kike wanafanya hivyohivyo kwa sababu ya vyoo vya shule. Walimu pia. Na hapa kwetu kuchimba choo kipya si kazi ya jembe: chini ni jiwe la volkeno, kila sentimita inalipiwa jasho.

Ninachowashauri ni hiki, na wengi wameona kinawezekana. Kunywa nusu lita mara tu unapoamka, ungali nyumbani, ili ukojoe kabla ya kutoka. Mchana kunywa nusu lita nyingine, lakini patana na jirani wa meza: wewe unamlindia yake saa sita, yeye anakulindia yako saa saba. Pesa ya choo iingie kwenye hesabu ya biashara kama pesa ya kubeba mzigo, maana vidonge na siku mbili za kulala nyumbani ni ghali zaidi. Jioni kunywa nusu lita ya tatu ukifika nyumbani, saa kumi na mbili hivi. Usiiache mpaka wakati wa kulala, kwa sababu tunajua kutoka nje usiku kwenda chooni si jambo la kila mtaa.

Ukiwa chooni, mwaga mkojo wote. Wengine wanachuchumaa nusu kwa kuogopa kugusa, wanatoa kidogo, wanakimbia. Kaa chini vizuri au chuchumaa kabisa, subiri mpaka uishe.

Dada yangu aliye Ulaya ananiambia ninunue kranberi. Inafanya kazi?

Kranberi ni tunda dogo jekundu, chachu sana, linalotoka Marekani Kaskazini. Kwenye farmasi zetu utaona limeandikwa canneberge kwenye boksi la vidonge. Ndani yake kuna kemikali zinazoitwa proantosianidini, ambazo zinamzuia E. coli asishike kwenye ukuta wa kibofu. Asiposhika, anatoka na mkojo.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Kisha mwaka 2023 kundi la watafiti liitwalo Cochrane lilikusanya tafiti 50 zenye watu karibu 9,000 na kuona kwamba kranberi inapunguza hatari kwa robo hivi kwa wanawake ambao infeksio inawarudia, na kwa zaidi ya nusu kwa watoto. Kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee na kwa wajawazito haikuonyesha faida.

Kwa hiyo, inafanya kazi kiasi, kama kinga, kwa anayerudiwa. Haiponyi infeksio iliyokwisha kuanza. Juisi yake ya chupa mara nyingi ni maji na sukari yenye rangi tu. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amuulize dokta kwanza. Mimi, mtu akija na pesa ya boksi moja la vidonge hivyo na bado anakunywa vikombe viwili vya maji kwa siku, namwambia pesa hiyo ailipie choo na maji. Dada yako akikutumia boksi kutoka huko, sawa, litumie.

Na bissap? Nayo ni nyekundu na ni chachu.

Wekundu hautoshi. Bissap inatengenezwa na maua ya mmea mwingine kabisa, na ushahidi wake kwa kibofu ni mdogo sana. Kama unaipenda, inywe kwa sukari kidogo, nayo itakuletea maji. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Maziwa ya kuganda na yaurti vinasaidia?

Hapa nina matumaini zaidi, tena ni chakula chetu. Ukeni kuna bakteria wema, wa jamii ya laktobasili, wanaotengeneza asidi na kumfukuza E. coli asijenge kituo mlangoni. Maziwa yaliyoganda yana ndugu zao. Utafiti wa Finland uliotoka mwaka 2003 uliona kwamba wanawake waliokunywa maziwa ya aina hiyo angalau mara tatu kwa wiki waliugua kwa uchache sana kuliko waliokunywa chini ya mara moja kwa wiki. Utafiti huo ulilinganisha mazoea ya watu, haukuthibitisha kwamba maziwa ndiyo yaliyowakinga, lakini gharama ya kujaribu ni kikombe tu.

Tuko karibu na Masisi, kwa wafugaji wa ng'ombe, maziwa si mageni. Anayetoka upande wa Bukavu atakuambia habari za mashanza, na wenye jamaa Rwanda wanajua kivuguto. Ninachosisitiza ni kuchemsha maziwa mabichi kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe kwa kijiko cha yaliyoganda jana. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa bruselozi, na mjamzito asiyaguse kabisa. Yaurti za sacheti zenye rangi ya waridi zina sukari nyingi, kwa hiyo ukipata isiyo na sukari chukua hiyo.

Na tafadhali, maziwa ni ya kunywa. Kuna wanaoshauriana kupaka yaurti au ndimu huko chini. Acheni.

Matunda gani ni mazuri?

Yenye maji mengi, na yale ambayo utayala kweli kila siku. Watu wanaulizia vitamini C kwa sababu wamesikia inafanya mkojo uwe mchachu. Ushahidi wake ni dhaifu, na vidonge vikubwa vya gramu moja vinaweza kuchangia mawe ya figo kwa wengine. Lakini kula tunda hakuna hasara. Gramu 100 za mapera zina vitamini C miligramu 200 na zaidi, mara nne ya chungwa. Mapera yanaanguka kwenye viwanja vya watu hapa na watoto wanayapiga mawe, halafu tunanunua vidonge.

Marakuja, papai, nanasi na fraizi zinapopatikana, vyote vizuri. Osha kwa maji safi. Juisi ya kusaga nyumbani usiijaze sukari.

Kitunguu saumu na tangawizi vinaua bakteria?

Kwenye kichupa cha labo, kitunguu saumu kinawasumbua bakteria kweli. Kibofuni ni habari nyingine: kinachofika huko baada ya kupita tumboni na kwenye ini ni kidogo, na hakuna anayeweza kukuambia ule punje ngapi. Kitie kwenye mboga kwa ladha. Tangawizi hivyohivyo. Ikiwa kibofu tayari kinawaka, tangawizi kali inaweza hata kukuongezea moto.

Mtoto wangu wa kike anaugua mara kwa mara, na choo chake ni kigumu. Vinahusiana?

Vinahusiana sana, na wazazi wengi hawajui. Choo kigumu kikijaa kwenye utumbo wa mwisho kinakandamiza kibofu, mkojo hautoki wote, na kinachobaki ndani kinaoza. Kuna watoto ambao infeksio imeacha kuwarudia baada ya tumbo lao tu kutengenezwa.

Mchanganye fufu na mboga ya kutosha. Mtoto anayekula fufu na kipande kimoja cha samaki, bila mboga, tumbo litafunga. Mpe lenga-lenga, sombe, maharagi, papai asubuhi, avoka, na maji. Maharagi ya Kivu yana nyuzinyuzi nyingi kuliko vidonge vyovyote vya kulainisha choo. Mfundishe kwenda haja kubwa wakati uleule kila siku, baada ya kula, bila kumharakisha, na asibane mkojo kwa sababu ya mchezo. Akipata homa na unashuku mkojo, usimtibu nyumbani, mlete siku hiyohiyo. Figo za mtoto zinaweza kupata makovu.

Nyama na kuku vina ubaya?

Mwaka 2020 watafiti wa Taiwan waliwafuatilia Wabudha zaidi ya 9,000 na kuona kwamba wasiokula nyama walikuwa na hatari ndogo zaidi, kwa asilimia 16 hivi. Tena baadhi ya aina za E. coli zinazopatikana kwenye nyama ya kuku zinafanana na zile zinazoshambulia kibofu. Sikuambii uache nyama, maana wengi wetu tunaiona Jumapili kwa Jumapili. Nakuambia uipike mpaka iive, na ubao uliokatia kuku mbichi uuoshe kwa sabuni kabla ya kukatia nyanya. Samaki wadogo kama sambaza na ndakala hawana kesi hapa.

Pilipili, kahawa na bia vinaleta infeksio?

Haviileti. Vinachokoza kibofu, na kibofu kilichochokozwa kinaweza kukufanya ukimbilie chooni kila mara ukadhani umeugua. Kwa mtu ambaye tayari anaungua, aache pilipili, kahawa kali, sukre za gesi (soda) na pombe kwa siku kadhaa, atasikia nafuu.

Wanaume fulani wameniambia kwamba bia ya Primus inasafisha figo kwa sababu inakojoza. Inakojoza, ndiyo, halafu inakuacha mkavu, na asubuhi mkojo ni wa rangi ya chai. Kasiksi, pombe ya ndizi, ni hadithi ileile. Ukishakunywa, kunywa na maji.

Sukari inalisha bakteria?

Kwa mtu mwenye afya, kipande cha keki hakifiki kwenye mkojo. Kwa mwenye kisukari ambacho hakijatulizwa, sukari inamwagika kwenye mkojo na kinga ya mwili inadhoofika, kwa hiyo infeksio inakuja kirahisi na inakuwa kali. Kama umeugua mara tatu ndani ya mwaka, unakunywa maji mengi kuliko wenzako na unakonda bila sababu, omba upimwe sukari ya damu.

Bikarbonati, maji ya chumvi, ndevu za mahindi?

Bikarbonati inaweza kupunguza kuungua kwa muda mfupi lakini haiui bakteria, na ina sodiamu nyingi. Mjamzito na mwenye presha wasiiguse. Maji ya chumvi hayana faida yoyote. Ndevu za mahindi zikichemshwa zinaongeza mkojo kidogo, na pengine faida yake kubwa ni yale maji uliyochemshia. Dawa za miti ambazo hujui ni mti gani, usinywe: figo ndiyo inayozichuja, na figo ndiyo unayotaka kuilinda.

Kuna unga wa sacheti unaoitwa D-manosi, aina ya sukari inayouzwa kama kinga ya infeksio ya mkojo. Niununue?

Hapana. Uchunguzi wa kwanza, uliofanywa Kroatia, ulitia watu moyo. Ule wa Uingereza wa mwaka 2024, uliokuwa na wanawake karibu 600, ulionyesha kwamba waliotumia gramu mbili kila siku kwa miezi sita waliugua karibu sawa na waliotumia unga wa bandia usio na dawa. Ni ghali kwa kitu cha aina hiyo.

Kila nikienda labo naambiwa nina infeksio, hata nikienda kwa ajili ya kichwa. Kwa nini?

Hapa nitawaudhi wenzangu kidogo. Mji huu una karatasi nyingi sana za labo zenye misalaba miwili mitatu (alama za +) na neno infeksio, kwa watu ambao hawaungui, hawaendi chooni mara kwa mara, hawana homa. Bakteria wanaweza kuwepo kwenye mkojo bila ugonjwa. Pia mkojo ukichukuliwa vibaya unazoa bakteria wa ngozi na ute wa uke, na darubini haiwezi kukuambia wametoka wapi.

Mtu asiye na dalili hapewi antibiotiki, isipokuwa mjamzito, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Ukitoa mkojo kwa ajili ya labo, nawa kwanza kwa maji, acha wa kwanza uende chini, kinga wa katikati kwenye kikopo safi, na upelekwe haraka, usikae juani kwenye mkoba.

Na kama una uchafu wenye harufu, vidonda au maumivu wakati wa tendo la ndoa, huenda si kibofu kabisa bali ni ugonjwa wa zinaa, kama klamidia au kisonono. Hapo hata maji ya mto mzima hayakusaidii, na mwenzako pia atibiwe. Damu kwenye mkojo bila maumivu, hasa kwa mtu aliyekaa sehemu zenye kichocho, ichunguzwe.

Nina mimba ya miezi mitano. Nifanye nini cha tofauti?

Usingoje dalili. Omba mkojo wako upimwe kwenye kliniki ya wajawazito, kwa sababu kwa mjamzito bakteria wasioonyesha dalili wanaweza kupanda mpaka figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Wakionekana, unapewa dawa ya siku saba iliyo salama kwa mimba. Kuhusu chakula, hakuna cha ajabu: maji, mboga, matunda, maziwa yaliyochemshwa. Choo kigumu ni cha kawaida kwenye mimba, na dawa yake ni ileile ya mtoto niliyoieleza juu.

Kuna nini kingine nje ya chakula?

Kojoa baada ya tendo la ndoa. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu, chumvi wala majani, kwa sababu unawaua walinzi wako mwenyewe. Maji ya nje yanatosha. Dawa za kuua mbegu za kiume, hata zile zinazopakwa kwenye kondomu, zinaongeza hatari. Mama ambaye hedhi imekwisha na infeksio inamrudia, kuna krimu ya estrojeni ya kutia ukeni inayosaidia kuliko chakula chochote. Aulize bila aibu.

Mwanaume mwenye infeksio asipoteze muda na mapera. Kwake mara nyingi kuna sababu nyuma, kama tezi dume au jiwe, na inabidi itafutwe.

Tayari ninaungua leo. Ninywe maji tu mpaka iishe?

Kama wewe ni mwanamke mwenye afya, huna mimba na ni kibofu tu kinachosumbua, kunywa maji na uje kituoni leo au kesho upimwe kwa bandeleti, kile kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo. Kuna infeksio ndogo zinazoisha zenyewe, lakini huwezi kujua yako ni ipi. Ukipata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya mgongo chini ya mbavu au kutapika, figo imeguswa. Usingoje asubuhi.

Nimepewa antibiotiki ya cipro. Ninaweza kuinywa na maziwa ili isiniunguze tumbo?

Usiinywe na maziwa wala yaurti. Kalisiamu iliyomo inaishika dawa tumboni, na sehemu yake haifiki kwenye damu. Kunywa cipro kwa maji, maziwa yako yasogeze saa mbili au tatu mbele. Vidonge vya madini ya chuma na vya kutuliza asidi ya tumbo viwekwe mbali nayo pia. Nitrofurantoini, antibiotiki nyingine ya mkojo, ni kinyume: hiyo inatakiwa iambatane na chakula, na tumbo litaivumilia vizuri zaidi.

Kama cipro hiyo umejinunulia farmasi kwa sababu jirani alipona nayo, iache kwanza uje upimwe. Bakteria wengi wameshaizoea, na kila anayeinywa nusu dozi anawafundisha wengine.